Kabla hujampeleka mbwa wako kwenye mafunzo, piga hesabu kama unavyopigia mzigo

Wauzaji wenzangu, leo siongelei picha za bidhaa wala namna ya kujibu mteja anayeuliza "last price" halafu anapotea. Naongelea mbwa. Usicheke, soma kwanza.

Wengi wetu tunaouza mtandaoni hatuna fremu. Stoo ni chumba cha nyuma, au kona ya sebule iliyofunikwa shuka. Mtaa mzima unaona boda wanavyoingia na kutoka na vifurushi, kwa hiyo mtaa mzima unajua ndani kuna mzigo. Mlinzi wa kulipwa hatumwezi. Ndiyo maana wengi tumeishia kufuga mbwa. Halafu siku zinaenda, yule mbwa wa kulinda mzigo anaanza kufukuza watu wanaokuja kuuchukua huo mzigo. Hapo ndipo mtu anakushauri: "Mpeleke kwenye mafunzo, kuna jamaa wanachukua wiki nne, anarudi kama askari."

Swali hilo lilinikalia kichwani wiki mbili nzima. Nauza mashuka na mapazia, mzigo natoa Kariakoo, oda zinatokea nyumbani Mbezi. Mbwa wangu anaitwa Bobi, chotara, ana mwaka mmoja na nusu. Boda wangu ni watatu. Wawili kati yao walianza kudai buku zaidi kila wakija kwangu, wenyewe wakaipa jina kabisa: "hela ya mbwa". Kwa mwezi hiyo hela ilifika 26,000. Na kuna mteja mmoja aliyetaka kuja kuchagua mapazia mwenyewe, akafika getini, akasikia sauti ya Bobi, akageuza. Huyo hajarudi hadi leo.

Kwa hiyo nilikuwa na sababu ya kutoa hela. Ila hela ya mtaji haitoki kwa hasira, inatoka kwa hesabu. Hivi ndivyo nilivyopiga, na wewe unaweza kuzifuata hatua hizi hizi.

1. ANDIKA TATIZO LENYEWE, USIANDIKE "MBWA MKALI"

Ukimwambia fundi "simu yangu mbovu", anaweza kukubadilishia kioo, betri na chaji kwa mpigo, na vyote utalipa. Mbwa ni hivyo hivyo. "Mkali" ni neno pana mno. Chukua daftari, chora safu tatu: saa ngapi, nani alikuja, mbwa alifanya nini. Andika wiki moja tu.

Yangu ilitoka hivi. Bobi alibweka mara 31. Nyingi ya hizo zilikuwa kazi yake halali: mtu kapita usiku, paka kaparamia ukuta. Mara 9 ndizo alizokimbilia mtu. Katika hizo 9, mara 8 ilikuwa boda mwenye helmeti kichwani na begi mgongoni, na mara zote 8 boda alifungua geti mwenyewe kabla sijatoka nje. Mara moja ilikuwa kijana wa gesi na mtungi begani.

Umeona hapo? Mama alikuwa anasema "huyu mbwa anachukia watu". Daftari likasema hachukii watu. Anamshtukia mtu asiyemwona sura, mwenye umbo geni, anayeingia kwake bila mwenye nyumba kuwepo. Mbwa akimkimbilia mtu wa hivyo, kwa akili ya mbwa, anafanya kile ulichomweka akifanye.

Kwa hiyo nilichokihitaji kikawa vitu viwili tu: geti likifunguka aende sehemu yake akae hapo, na nikisema "basi" anyamaze. Hilo ndilo la kwenda nalo kwa mwalimu wa mbwa. Ukienda na neno "mkali", utauziwa kitu kingine.

2. SISI HATUHITAJI MBWA WA KUNG'ATA

Wapo walimu ambao kipande chao cha video kinachovutia kuliko vyote ni mbwa anayeng'ang'ania mkono wa mtu aliyevaa gwanda nene. Inapendeza kuangalia. Lakini jiulize, kwenye biashara yako kazi hiyo ni ya nini?

Mwizi wa mtaani anakwepa kelele. Mbwa anayebweka kwa wakati amekwisha fanya kazi yake: umeamka, jirani kaamka, taa zimewaka. Mbwa aliyefundishwa kushika mwili anataka mwenye ujuzi wa kumwachisha, na ujuzi huo unafanyiwa mazoezi kila wiki, haupatikani kwa kusoma karatasi. Vikosi kama cha Polisi Mbwa na Farasi wana watu ambao ajira yao ni hiyo. Wewe ajira yako ni kufunga vifurushi. Siku akimshika boda wako mguu, gharama za hospitali ni zako, chanjo ni zako, maelezo kituoni ni yako, na habari mtaani inasafiri kuliko tangazo lolote la kulipia.

Ukiona mwalimu anakusukumia mafunzo ya kushambulia wakati umemwambia shida yako ni geti, muage vizuri uondoke.

3. MBWA ANAJIFUNZAJE? JUA HILI ILI USIUZIWE MBUZI KWENYE GUNIA

Huhitaji kuwa daktari wa mifugo. Yapo mambo matatu ya kujua.

La kwanza: mbwa anaunganisha vitu vinavyokuja pamoja. Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula, aliona mbwa wake wanatoa mate kabla hata chakula hakijafika, kwa sababu wamezoea dalili inayokitangulia. Sasa tafsiri kwako: kama kila boda akija mbwa anapigwa au kuvutwa kwa nguvu, anajifunza kwamba boda ni dalili ya maumivu. Kesho atamkimbilia mapema zaidi.

La pili: anarudia kinachomlipa, na malipo lazima yaje papo hapo, sekunde moja au mbili. Ukimpa kipande cha firigisi dakika tano baadaye, umemlipa kwa alichokuwa anafanya muda huo, labda kujikuna. Mfano mzuri hatuhitaji kwenda Ulaya kuutafuta. Pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na sampuli za kifua kikuu. Panya anapopatia, anasikia mlio mfupi wa "tik" halafu anapewa chakula. Hakuna fimbo. Panya mmoja aliyezaliwa hapa Tanzania, Magawa, alifanya kazi Kambodia na mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA. Kama panya anafundishika hadi kufanya kazi kwenye uwanja wa mabomu kwa kulipwa ndizi, mwalimu anayekuambia mbwa haelewi bila kipigo ana lake jambo.

Na si maneno ya huruma tu. Mwaka 2020 watafiti wa Ureno walichapisha utafiti wa mbwa 92 kutoka shule mbalimbali za mafunzo. Waliofundishwa kwa adhabu walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo kuliko waliofundishwa kwa zawadi. Mbwa mwenye msongo kwenye geti la biashara ni hasara inayosubiri siku yake. Halafu hapa kwetu ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, kumtesa mnyama ni kosa, hata kama mtesaji amejiita mwalimu.

La tatu, na hili ndilo lililoamua mambo kwangu: mbwa hahamishi somo kirahisi kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Akijifunza kukaa kwenye uwanja wa mwalimu, kwa sauti ya mwalimu, anajua kukaa pale, kwa yule. Akirudi kwako, geti ni lingine, sauti ni nyingine, helmeti zipo zilezile. Lazima afundishwe tena hapo hapo kwako. Ndiyo maana Usa River, kule Arusha, kwenye mradi wa mbwa wanaonusa pembe za ndovu wa African Wildlife Foundation, hawafundishi mbwa peke yake. Askari atakayefanya naye kazi anafundishwa pamoja naye. Mbwa mzuri bila mtu aliyefundishwa ni nusu ya kazi.

4. HESABU YENYEWE

Sasa njoo kwenye hela. Hizi ni namba zangu, zako zitakuwa tofauti, lakini mistari ni ileile. Mistari ndiyo wengi wanairuka, wanaangalia ada peke yake.

Kumpeleka wiki nne:
• Ada niliyotajiwa: 350,000
• Chakula, ambacho ni juu yangu: 40,000
• Bajaji ya kukodi kwenda na kurudi: 30,000
• Chanjo za kukamilisha kabla hajapokelewa: 45,000
• Nauli ya kwenda kumwona kila Jumamosi: 16,000
• Kijana wa jirani kulala sebuleni wiki nne mbwa akiwa hayupo: 60,000
Jumla: 541,000

Mwalimu kuja nyumbani mara 8:
• 25,000 kila akija: 200,000
• Zawadi za mazoezi (firigisi, maini ya kuchemsha): 20,000
• Kamba ndefu na mkanda mzuri wa shingoni: 10,000
• Chanjo zilezile: 45,000
Jumla: 275,000

Kwenye seti moja ya mashuka nabaki na faida ya 6,000. Kwa hiyo kumpeleka ni seti 90 na kitu za kuuza bure. Mwalimu wa nyumbani ni seti 46. Ukigeuza upande wa pili, hela ya mbwa ilikuwa 26,000 kwa mwezi, kwa hiyo njia ya kwanza inarudisha gharama baada ya karibu miezi 21, ya pili kabla ya miezi 11 kwisha. Hapo sijaweka wateja wanaogeuzia getini, maana hao huwezi kuwahesabu vizuri.

Angalia na mstari wa kijana wa jirani. Wiki nne mbwa hayupo ni wiki nne stoo haina masikio. Kama msimu wako mkubwa ni kabla ya Idi au Krismasi na stoo imejaa, usimwondoe mbwa wakati huo hata kama mafunzo ni bure.

5. MASWALI YA KUMUULIZA MWALIMU

Nilienda kuongea na walimu wawili. Wa kwanza nilimuuliza kama naweza kuja siku yoyote kuangalia mafunzo. Akaniambia, "Dada, mbwa akimwona mwenye mali anadeka, utaniharibia kazi. Njoo siku ya mwisho." Nikamuuliza mbwa akikosea anafanywaje. Akacheka: "Anajua mwenyewe." Nikashukuru, nikaondoka.

Wa pili, mzee wa makamo, kabla sijauliza chochote aliniuliza yeye. "Nyumbani mpo wangapi? Nani anamlisha? Geti linafunguka ndani au nje?" Nikamwonyesha daftari langu. Akalisoma, akasema, "Sasa mwanangu, huyu unataka kunilipa laki tatu na nusu nimfundishe kwenye geti langu, wakati tatizo liko kwenye geti lako?" Huyo ndiye niliyemwamini, kwa sababu alikuwa anakataa hela kubwa aniambie ukweli.

Maswali ya kwenda nayo ni haya:
• Naweza kuja kuangalia bila taarifa?
• Mbwa akipatia unamfanyaje? Akikosea unamfanyaje?
• Mimi na watu wa nyumbani utatufundisha mara ngapi?
• Mbwa wangapi wanakaa hapo, na kila mmoja ana banda lake?
• Unadai kadi ya chanjo kwa kila mbwa? (Asipodai, usimwache wako hapo.)
• Akiugua, daktari gani anaitwa, na nani analipa?
• Akirudi nyumbani tabia ikarudi, utakuja?
Majibu yaandikwe kwenye karatasi, na malipo yawe kwa awamu. Wewe humtumii msambazaji mpya hela yote kabla ya kuona mzigo, si ndiyo? Basi na hapa ni vivyo hivyo.

Mtu anayekuahidi kwamba mbwa "atabadilika asilimia mia", mpime kama unavyompima anayekuuzia mashuka ya pamba kwa bei ya nailoni.

6. AFYA KABLA YA SHULE

Hili halina mjadala, umpeleke au usimpeleke.

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani kinaua watu kama 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Kinga yake ipo: mbwa anachanjwa akifika miezi mitatu, halafu anarudiwa kila mwaka. Ulizia kwa afisa mifugo wa kata yako, maana kampeni za chanjo hupita. Kadi ya chanjo itunze kama unavyotunza risiti za mzigo. Siku mtu akikwaruzwa, kadi ndiyo itakayoongea.

Na mtu aking'atwa, na mbwa yeyote, jeraha linaoshwa hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu moja kwa moja hospitali kuanza chanjo. Hakuna kupaka majani wala kusubiri kuona kama mbwa ataugua. Waambie na boda wako hili, haligharimu kitu.

Kwa kumpeleka kwenye kambi, ongeza ugonjwa wa pavo. Unaua hasa watoto wa mbwa, kwa kuhara damu na kutapika, na vijidudu vyake vinakaa kwenye udongo miezi mingi. Sehemu inayopokea mbwa kutoka kila mtaa bila kuangalia kadi ni hatari. Mtoto wa mbwa ambaye chanjo zake hazijakamilika asilale huko.

Tena, mbwa aliyebadilika ghafla, alikuwa mpole sasa anang'aka akiguswa, mwone daktari wa mifugo kabla ya mwalimu. Sikio lenye usaha au jino bovu halitibiwi kwa "kaa" na "simama".

7. KUNA WAKATI KUMPELEKA NI SAWA KABISA

Sitaki uondoke hapa ukidhani mafunzo ya kulala huko ni utapeli. Kuna dada anauza viatu, tunapokezana mzigo, yeye alimpeleka wa kwake na alifanya vizuri. Mbwa wake alishang'ata mtu mara moja. Yeye yuko kazini kutwa, nyumbani anabaki bibi na mtoto wa miaka minne. Hakuna mtu pale angeweza kufanya mazoezi kila siku kwa usalama. Daktari alimpima mbwa kwanza, akakaa kwa mwalimu wiki sita, na huyo dada alikuwa anaenda kila Jumamosi kufundishwa yeye mwenyewe namna ya kumshika. Baada ya kurudi, mwalimu alikuja nyumbani mara tatu. Hela ilimtoka, ila kwake njia ya nyumbani isingewezekana.

Kwa hiyo fikiria kumpeleka kama: mbwa ameshaumiza mtu na daktari amekwisha mwona, nyumbani hakuna mtu mzima mwenye muda hata wa dakika kumi mara mbili kwa siku, na mwalimu anakubali kukufundisha na wewe.

Usimpeleke kama: ni mtoto wa chini ya miezi minne, maana tangu wiki ya tatu hadi kama ya kumi na mbili au kumi na nne ndiyo umri wa kuzoea dunia, na dunia unayotaka aizoee ni nyumba yako, boda wako, wateja wako, au tatizo linatokea getini kwako tu, au kutwa yuko kwenye mnyororo wa mita moja. Huyo wa mnyororo, hata akirudi na cheti, ukimfunga tena palepale atarudi kuwa yule yule. Hapo anza na banda na nafasi ya kutembea.

8. UPANDE WA NYUMBA: HAYA HAYALIPIWI ADA

Kumbuka daftari: matukio 8 kati ya 9 yalitokea kwa sababu geti lilifunguliwa kabla sijatoka. Hayo yanapungua bila mwalimu.

• Kwenye ujumbe wa kila oda inayochukuliwa nyumbani niliongeza mstari: "Ukifika piga simu, usifungue geti, nakuja mwenyewe." Boda nao nikawaambia wavue helmeti kwanza.
• Niliweka komeo la ndani. Fundi alinichaji 8,000.
• Kibao cha "Kuna mbwa" kikapigwa sehemu inayoonekana. Hakikufuti wajibu wako, lakini mgeni anajua.
• Vifurushi vinakabidhiwa kwenye kimeza nje ya mlango. Boda hana sababu ya kuzunguka nyuma alipo Bobi.
• Mzigo na mbwa havikutani. Hili ni la biashara kabisa, hasa kwa tunaouza nguo, mashuka na chakula. Kwa wateja wetu wengi Waislamu huku pwani, wanaofuata madhehebu ya Shafi'i, mate ya mbwa ni najisi: chombo alicholamba kinaoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Mbwa wa ulinzi wanaruhusu, ila shuka lenye unyoya wa mbwa ni jambo jingine. Stoo yangu ina mlango wake, Bobi haingii, na nikimshika nanawa kabla ya kufunga oda. Mteja akiniuliza, namjibu bila kigugumizi.

9. NILIVYOAMUA NA ILIVYOKUWA

Nilichagua yule mzee aje nyumbani mara 8, kwa wiki sita. Mama hakupenda. "Laki mbili za mbwa? Sisi tulifuga mbwa miaka yote, usiku unamfungulia, asubuhi unamfunga, basi." Nikamwambia, "Ni kweli Mama, ila enzi zile boda hawakuwa wanaingia mara kumi kwa siku." Alichokifanya mzee ni kumfundisha Mama kabla ya kunifundisha mimi, kwa sababu mchana Mama ndiye anayekuwepo. Alianza na mkeka uliowekwa mita nne kutoka getini. Bobi akiukanyaga, anapata firigisi. Halafu geti likitikiswa kidogo, mkeka, firigisi. Halafu geti likifunguka. Halafu mtu. Halafu mtu mwenye helmeti mkononi. Helmeti kichwani ilikuja wiki ya tano. Muda wote huo yuko kwenye kamba ndefu, na boda mmoja aliyekubali kushiriki nilimlipa soda na buku tatu kila akija.

Matokeo bila kuongeza chumvi: boda mmoja kati ya wale wawili ameacha kudai hela ya mbwa. Mwingine hakurudi, anasema hata mbwa akivaa kanzu yeye haingii, nami simlaumu, naweka mtu mwingine. Bobi bado anabweka mtu akifika, na ndivyo ninavyotaka. Nikisema "basi" ananyamaza, si mara zote, nyingi. Kijana wa gesi bado tunampokelea barabarani, maana mtungi begani hatujaufikia. Na mazoezi hayajaisha. Siku tatu tukiacha, siku ya nne inaonekana.

Ndiyo maana nasema swali la "nimpeleke au nisimpeleke" siyo la kwanza. La kwanza ni: nani hapa nyumbani atafanya mazoezi dakika kumi asubuhi na dakika kumi jioni, mwezi huu na mwezi ujao? Ukishakuwa na jina la mtu huyo, njia yoyote utakayochagua ina nafasi ya kufanya kazi. Kama huna jina, weka hela yako. Nunua komeo, andika ule mstari wa "piga simu", mchanje mbwa, halafu daftari lako likijaa wiki moja ndipo umtafute mwalimu.

Mtumie hii mwenzako ambaye boda wake wanalalamika. Wiki ijayo narudi na hesabu ya vifungashio, kuna watu wanapoteza hela kwenye mifuko bila kujua.